Pea za kati baada ya flopu: maswali tunayoulizana mezani, Moshi

Masika yakianza na wageni wa mlima wakipungua, sisi tunaopandisha Kilimanjaro tunabaki na jioni nyingi za bure. Kwa misimu kadhaa jioni hizo tumezitumia kucheza poka barazani, upande wa Rau, watu 6 hadi 8. Chipu zetu ni vitu vya jikoni: punje ya mahindi ni 1, harage ni 5, kifuniko cha soda ni 25. Kila mtu anaanza na thamani ya punje 200, blaindi (dau la lazima ambalo watu wawili huweka kabla ya karata kugawiwa) ni 1 na 2. Pesa haiwekwi mezani. Wengi wetu tuliujifunza mchezo kwa wageni, hasa kambini Horombo, mita 3,720, ambako wanaozoea hewa hulala siku ya ziada na mchana unakuwa mrefu.

Kila msimu wanakuja wachezaji wapya, na kila msimu swali linalowasumbua ni lilelile: nina 9-9 mkononi, flopu (karata 3 za kwanza zinazofunuliwa mezani kwa wote) imeshuka, nibeti au nisibeti? Nimeyaandika hapa majibu ninayowapa, ili anayekuja aanze akiwa ameyasoma.

Mnatumia maneno gani?

Pea ya mkononi ni karata zako mbili za siri zikiwa na namba moja. Kugonga ni kupita bila kuweka kitu (tunagonga meza kwa kidole). Kufuata ni kulipia alichoweka mwenzako, kupandisha ni kuongeza juu yake. Poti ni rundo la katikati. Mkwara ni kubeti ukiwa huna kitu. Rangi ni aina ya karata, kopa na wenzake, si nyekundu na nyeusi. Ree ni A, kingi ni K, kwini ni Q, jeki ni J. Baada ya flopu tunasema tu karata ya nne na karata ya tano.

Pea za kati ni zipi?

7-7, 8-8, 9-9 na 10-10. Jeki mbili na sita mbili zinakaa mpakani, na mengi nitakayosema yanazihusu pia. Kupata mojawapo ya hizo 4 ni wastani wa mara 1 kila mikono 55. Maana yake jioni nzima ya mikono 110 unaziona kama mara mbili. Ndiyo maana watu hawazizoei, na zikija wanazicheza kwa hisia.

Flopu inashuka na karata kubwa kuliko pea yangu mara ngapi?

Mara nyingi kuliko unavyodhani, na hapa ndipo ninapotaka kila mtu aanzie kabla hajauliza lingine lolote. Ukiwa na 10-10, flopu itakuwa na angalau karata moja ya juu yako takribani asilimia 70 ya mara. Ukiwa na 9-9 ni asilimia 79. 8-8 ni asilimia 87. 7-7 ni asilimia 92.

Rudia hiyo ya mwisho. Kwenye flopu 100 ukiwa na 7-7, ni 8 tu zitakazoshuka bila karata ya juu yako. Mtu anayesubiri flopu "safi" ndipo acheze pea ya saba atasubiri hadi masika yaishe. Kwa hiyo swali halisi halihusu flopu nzuri. Linahusu namna ya kuishi na flopu ya kawaida, ambayo ina karata moja au mbili zinazokutisha.

Seti, yaani karata ya tatu ya namba yako, inakuja kwenye flopu karibu asilimia 12 ya mara, wastani wa mara 1 katika 8 na nusu. Usiitegemee kama mshahara.

Sasa nibeti au nigonge?

Kabla ya kugusa maharage, jiulize maswali mawili, kwa utaratibu huu. Kwanza: ni karata gani mbovu kuliko zangu zitakazonifuata? Zitaje kwa majina. Usiseme "labda ana kitu", sema "8-7, A-7, 6-6". Pili: kama hakuna wa kunilipa, je, kuna anayepaswa kutupa karata ambazo bado zinaweza kunipita? Kingi-jeki kwenye flopu ya chini ni mfano. Hajashika kitu, lakini kingi yoyote au jeki yoyote ikishuka umekwisha.

Ukiwa na jibu zuri kwa swali la kwanza, beti. Ukiwa na jibu zuri kwa la pili, beti pia, kidogo zaidi. Ukikosa yote mawili, gonga ujitahidi kufika mwisho kwa bei nafuu, kwa sababu pea yako bado ina thamani yake: inashinda kila mtu ambaye hakushika kitu, na mezani walio hivyo huwa wengi.

Pea ya kati ni karata ya kufunuliwa mwishoni. Haina nguvu ya kujenga poti kubwa, na ni nzuri mno kuigeuza mkwara. Ukilielewa hilo, majibu yote yanayofuata ungeweza kuyatafuta mwenyewe.

Si ni bora nibeti kwanza ili nijue nimesimama wapi?

Hapana, na kuhusu hili sibadiliki.

Wazo linavutia: naweka harage mbili, akitupa nilikuwa mbele, akifuata niko nyuma. Lakini tazama kilichotokea. Aliyetupa ni yule uliyekuwa umemshinda tayari, ambaye pengine angekuachia poti mwishoni, au angejaribu mkwara ukamlipia ukapata zaidi. Aliyefuata ni mwenye ree, mwenye seti, na mara chache mwenye pea ndogo. Umewafukuza uliowashinda, umebaki na waliokushinda, na poti sasa ni kubwa. Na jibu lenyewe ulilolinunua halina uhakika: meza yetu ina watu wanaofuata na pea ya chini kabisa kwa sababu tu wamechoka kutupa.

Nilijifunza hili kwa gharama. Miaka ya nyuma, kabla hatujaanza kutumia nafaka, nilialikwa nyumba ya mtu hapa mjini kucheza kwa pesa. Nikapata 10-10. Flopu ikaja A-8-3. Nikabeti "nijue". Mmoja akafuata. Karata ya nne ilikuwa 5, nikabeti tena, kwa sababu sasa nilitaka kujua kwa kweli. Akafuata. Ya tano nikabeti ya tatu, nikijiambia kwamba angekuwa na ree angepandisha. Alikuwa na A-4. Hakupandisha kwa sababu hakuona haja: mimi nilikuwa namlipa bila kuombwa. Ile ilikuwa tipu ya safari mbili za mlimani kwa njia ya Machame. Ningegonga flopu, labda ningemlipia mara moja, mara mbili kwa bei ndogo, na kurudi nyumbani na sehemu kubwa ya pesa yangu.

Nina 9-9, flopu ni 7-4-2 za rangi tofauti, nimebaki na mtu mmoja. Nifanyeje?

Beti. Huu ndio wakati wako, na unakuja mara chache.

Pitia maswali mawili. Nani mbovu atafuata? 8-7, A-7, K-7, 10-7, 6-6, 5-5, 8-8, na 6-5 anayesubiri streti (karata 5 zinazofuatana). Wako wengi. Nani anapaswa kutupa? K-J, Q-10, A-10, J-10. Mwenye K-J ana karata 6 za kumwokoa, kingi 3 na jeki 3. Ukimwachia karata moja bure anazipata kama asilimia 13 ya mara, ukimwachia mbili ni karibu robo. Hiyo robo ni yako, usimgawie.

Waliokushinda ni 10-10 na kuendelea, 7-7, 4-4, 2-2, na mara chache 7-4. Wapo, lakini wachache ukilinganisha na orodha hiyo ndefu, na wenye pea kubwa kwa kawaida wangepandisha kabla ya flopu.

Tuseme ulipandisha hadi 6 na mwenye blaindi kubwa (ile ya 2) akafuata: poti ina 13, pamoja na 1 ya blaindi ndogo. Weka 7 au 8. Ukiweka 3 hutamsumbua mtu. Ukiweka 20, 10-7 na 5-5 watatupa na umejinyima malipo. Karata ya nne ikiwa ndogo, 3 au 2 tena, beti mara ya pili kwa uwiano uleule. Ikiwa kingi au ree, gonga kwanza. Hujashindwa lazima, ila orodha ya wanaokulipa imefupishwa ghafla.

Na ikiwa flopu ni ya chini lakini imeshikana, mfano 8-7-6 zenye kopa mbili?

Hapa kuna tofauti ambayo wapya hawaioni. Ukiwa na 9-9 kwenye 8-7-6, una pea ya juu kuliko meza na pia unasubiri streti pande mbili: 10 au 5. Hizo ni karata 8. Beti kwa ujasiri, kwa sababu hata ukifuatwa na aliyekuzidi bado una njia ya kutoka. Ukiwa na 10-10 unasubiri 9 tu. Bado beti ukiwa na mtu mmoja, na iwe kubwa, theluthi mbili ya poti, maana mwenye kopa mbili ana karata 9 za kumfikisha kwenye flashi (karata 5 za rangi moja) na anazipata karibu asilimia 35 ya mara akiona karata zote mbili. Alipe.

Lakini wakiwa watu watatu au zaidi kwenye flopu ya namna hii, napunguza mwendo. Mtu wa 10-9 amekwisha kupata streti, wa 5-4 pia, na sehemu kubwa ya karata zinazobaki kwenye kasha zitabadilisha hali.

Kuna ree kwenye flopu. Basi pea yangu imekufa?

Haijafa. Mpinzani mmoja mwenye karata zozote mbili ana ree hapo kama asilimia 12 na nusu tu, kwa kuwa zimebaki ree 3 kati ya karata 47 usizoziona. Wapinzani wawili: karibu asilimia 24. Watatu: asilimia 34. Wanne: asilimia 44.

Tatizo ni kwamba hayo ni mahesabu ya mtu anayecheza kila karata aliyogawiwa. Watu wa kweli wanatupa 9-3 na 7-2 kabla ya flopu na wanabaki na ree. Hapa Moshi sijamwona mtu akitupa ree kabla ya flopu, hata A-2. Mzee wetu mmoja, ambaye wote tunamwita Meku, husema ree ni kama kiporo cha mtori, hakitupwi. Kwa hiyo ongeza hesabu hizo juu kidogo, na kwa watu watatu chukulia kwamba ree iko mkononi mwa mtu.

Pamoja na hayo, mpinzani akiwa mmoja, mara nyingi hana. Sababu ya kugonga kwenye A-8-3 haitoki kwenye uhakika kwamba umeshindwa. Inatoka kwenye maswali mawili. Mbovu gani atafuata? Mwenye 8, labda. Nzuri gani itatupwa? Hakuna, ree haitupwi. Uko ama mbele sana ama nyuma sana: mwenye ree anakuachia karata 2 tu za kukuokoa, na mwenye 9-8 ana karata 5 tu za kumwokoa yeye. Hali hiyo haina haraka. Gonga, acha yeye ajaribu mkwara, ulipie mara moja.

Kingi au kwini ikiwa ndiyo ya juu, ni sawa na ree?

Kwa hesabu ya kasha ni sawasawa, kingi 3 kati ya 47. Kwa watu si sawa. K-4 hutupwa, A-4 haitupwi. Kwa hiyo kwenye flopu kama K-7-2 ukiwa na 8-8 na mtu mmoja aliyelinda blaindi yake kwa kufuata, beti ndogo ya theluthi moja ya poti inafaa. Q-J na J-10 wanatupa, na kila mmoja wao alikuwa na karata 6 za kukupita. Mwenye 7 anakulipa. Beti ya theluthi inahitaji ifanikiwe robo ya mara tu hata ingekuwa mkwara mtupu, na yako si mkwara mtupu.

Beti mara moja. Ukifuatwa, funga duka. Gonga karata ya nne na ya tano isipokuwa 8 imeshuka.

Karata mbili za juu pamoja, K-Q-5 au A-J-6, ni habari nyingine. Hapo gonga, na akibeti kwa uzito tupa. Sina mengi ya kuongeza.

Tumebaki wanne kwenye poti. Kuna tofauti?

Kubwa kuliko tofauti nyingine yoyote kwenye ukurasa huu. Kwetu watu wanapenda kuona flopu, hivyo poti za watu wanne ni za kila siku, na ushauri ambao wageni walitufundisha Horombo wakicheza wawili au watatu ulituponza sana mwanzoni.

Ukiwa na watatu mbele yako, mara nyingi mmoja wao ameshika kitu. Kubeti 9-9 kwenye Q-8-4 mbele ya watatu ni kuwaomba wenye kwini wajitokeze. Gonga. Kama wote wakigonga na karata ya nne ni ndogo, hapo unaweza kubeti nusu ya poti kwa sababu wenye kwini wangejitangaza. Ninaamini beti hiyo iliyochelewa ndiyo inayoingiza punje nyingi zaidi kwa pea za kati kwenye meza yenye watu wengi, na wapya hawaitumii kwa sababu wanadhani aliyegonga flopu amekwisha kujisalimisha.

Flopu ya chini kabisa, watu wanne, wewe una 10-10 kwenye 8-5-2? Beti, na iwe kubwa, theluthi mbili. Kila mmoja wa watatu ana karata zake za juu, na ukizijumlisha karata za nne zisizo salama ni nyingi.

Kiasi gani hasa?

Beti ya theluthi ya poti inahitaji wakutupie asilimia 25 ya mara ili ijilipe yenyewe, ya nusu asilimia 33, ya poti nzima asilimia 50. Kwa pea za kati nakaa kati ya theluthi na nusu, na napanda hadi theluthi mbili kama meza imeshikana au watu ni wengi. Poti nzima sijawahi kuona sababu yake, labda ukiwa na seti na mtu asiyejua kutupa.

Mwenzangu amebeti kabla yangu. Nifuate?

Angalia bei. Akibeti theluthi ya poti unahitaji kuwa mbele mara 1 kati ya 5. Akibeti nusu, mara 1 kati ya 4. Akibeti poti nzima, mara 1 kati ya 3. Ukiwa na karata moja tu ya juu mezani na mpinzani mmoja, beti ya nusu inastahili kufuatwa mara moja karibu dhidi ya kila mtu.

Beti ya pili, kwenye karata ya nne, ndiyo inayosema ukweli. Wachezaji wetu wana ujasiri wa mkwara mmoja, lakini wa pili unawatetemesha. Dada mmoja anayefanya biashara ya mitumba soko la Memorial ndiye pekee ninayemfahamu anayeweza kupiga mkwara mara tatu mfululizo bila kubadilika uso, na kwake yeye nafuata zaidi. Kwa wengine, beti ya pili kubwa inanifanya nitupe 9-9 bila majuto.

Nimebeti, nimepandishiwa. Nifanyeje?

Tupa. Kwenye meza ambako watu wanapenda kufuata, anayepandisha ana kitu. Tofauti pekee ni flopu yenye karata mbili za rangi moja au iliyoshikana, chini ya pea yako, na mtu unayemjua anapandisha akiwa anasubiri flashi.

Nafasi ya kukaa inabadilisha nini?

Ukizungumza mwisho una zawadi mbili: unaona walichofanya, na unaweza kugonga ukapata karata bure. Ukizungumza kwanza huna hata moja. Kwa hiyo 8-8 ileile kwenye K-7-2 naibeti nikiwa mwisho na naigonga nikiwa wa kwanza. Watu husahau hili wakishapata pea, kana kwamba pea inafuta kiti walichokalia.

Nikipata seti niifiche?

Usifiche. Beti mara moja. Wanaofuata na pea ya chini watafuata, na poti isiyojengwa kwenye flopu haiwezi kuwa kubwa mwishoni.

Meza yenyewe ina pea, mfano Q-Q-6, nami nina 9-9?

Flopu yenye pea inapunguza uwezekano wa mwenzako kushika, kwa kuwa zimebaki kwini 2 tu. Beti ndogo ina maana, kwa sababu A-10 na K-J wote wako nyuma yako na watatupa. Lakini ukifuatwa kaa macho.

Mkono mmoja maarufu wa pea ya kati ulichezwa hivyohivyo, kwenye mashindano makuu ya World Series of Poker ya mwaka 2003, Las Vegas. Phil Ivey alikuwa na 9-9, Chris Moneymaker A-Q, flopu ikashuka na kwini mbili na 6. Moneymaker alibeti, Ivey akafuata. Karata ya nne ikawa 9: Ivey akapata fulu hausi (tatu za namba moja na mbili za nyingine), punje zote zikaingia katikati. Zilibaki karata 7 kati ya 44 za kumwokoa Moneymaker, kwini 1, ree 3 na sita 3, yaani kama asilimia 16. Ya tano ikawa ree. Ivey akatoka wa 10, Moneymaker akashinda mashindano na dola milioni 2.5.

Watu huusimulia mkono ule kama hadithi ya bahati ya karata ya tano. Mimi huwaonyesha wapya ile hatua ya katikati: kwenye flopu, kabla ya 9 kushuka, Ivey alikuwa ameshindwa tayari na alikuwa na karata 2 tu za kumwokoa. Alifuata beti moja. Hilo ni sawa kabisa, mtu anayebeti kwenye Q-Q-6 mara nyingi hana kwini. Hata mchezaji wa kiwango chake hawezi kujua. Alichofanya ni kulipa bei ndogo kwenye flopu na kuongeza pale tu karata zake zilipobadilika.

Nina maharage machache. Bado nifikirie yote haya?

Kidogo tu. Kama ulichobakiwa nacho ni chini ya mara mbili ya poti na flopu iko chini ya pea yako, ingiza vyote. Huna nafasi ya kuogopa karata ya nne ambayo pengine haitakuja.

Kwetu watu hawatupi karata hata kidogo. Huu ushauri unafaa?

Unafaa, ila egemea upande mmoja. Swali la kwanza (nani mbovu atanilipa?) linakuwa na jibu refu zaidi, kwa hiyo kwenye flopu za chini beti zaidi na kwa kiasi kikubwa zaidi. Swali la pili (nani atatupa?) linakufa, kwa hiyo beti za kuwafukuza watu kwenye K-7-2 ziache. Mangi mmoja wa Kibosho alikuja mezani akilalamika kwamba meza yetu haina akili kwa sababu hawaogopi mkwara wake. Tulikaa naye usiku mmoja, tukahesabu: alipoacha kupiga mkwara kwa 8-8 na kuanza kubeti tu alipokuwa mbele, meza ileile isiyotupa ndiyo iliyomjazia vifuniko.

Tunaweza kucheza kwa pesa?

Kuendesha michezo ya pesa kunahitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na anayecheza lazima awe na miaka 18 au zaidi. Sisi tumechagua nafaka. Nimeona mpagazi akipoteza kwa usiku mmoja alichobeba mgongoni kwa siku 6, na ana watoto. Sitaki kuliona tena barazani kwangu. Kwa kujifunza pea za kati punje ya mahindi inatosha kabisa, mradi usiku mzima mtu asiongezewe nyingine. Akiishiwa anakaa pembeni na kutazama, na hilo linauma kiasi cha kutosha kumfanya afikiri.

Nifanye mazoezi gani nikiwa peke yangu?

Chukua kasha, toa 9 mbili uziweke mbele yako. Changanya zilizobaki 50, shusha flopu, andika, rudisha, changanya tena. Fanya mara 50. Kwa kila flopu andika mambo matatu: kuna karata ya juu ngapi, mbovu gani zingenifuata, na je, ningebeti kama nazungumza wa kwanza mbele ya mmoja, na mbele ya watatu. Tarajia kama flopu 40 zenye karata ya juu, 10 zisizo nayo, na karibu 6 zenye 9 ya tatu (hizo zinaweza kuwa ndani ya kundi lolote). Ukipata 36 au 43 badala ya 40, hesabu yako haijakosewa, kasha linafanya hivyo. Mimi huifanya kazi hiyo mvua ikinyesha na umeme umekatika, kwa taa ya kichwani ileile ninayopandia usiku wa kileleni, na kila mwaka naikuta flopu moja au mbili ambazo mwaka uliopita niliandika "beti" na sasa naandika "gonga".